Kumsindikiza mbwa mzee wa parseli



Juma lililopita, mwishoni mwa mkutano, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja alisimama na swali lililochekesha ukumbi mzima. Dada yake anaishi Ubelgiji, kule Liège. Alimweleza kwa simu kwamba jirani yake, mzee mmoja anayeishi peke yake, anampeleka mbwa wake kwa munganga ili achomwe sindano za Kichina mgongoni na kwenye mapaja, kwa sababu mbwa amezeeka na miguu inamuuma. "Ni kweli," mama akauliza, "ao dada yangu ananicheka?"

Ukumbi ulilipuka. Mama mwingine akasema: "Sisi wenyewe migongo inatuuma kwa kubeba makala, na hakuna anayetuchoma sindano ya Kichina!" Sisi pia tulicheka, hatufichi. Lakini kicheko kilipoisha, yule mama alikuwa bado amesimama. Akasema kwa sauti ya chini: "Ninauliza juu niko na mbwa mzee nyumbani. Siku nne haamuki. Watoto wanalia. Baba yao anasema tuite kijana aje na gunia."

Hapo hakuna aliyecheka. Tulimwahidi jibu katika ukurasa huu, na leo tunalileta.

Gunia letu sisi

Tuanze na deni letu wenyewe, maana mwalimu asiyekubali kosa lake hana haki ya kusahihisha daftari la mtu.

Miaka 6 iliyopita tulikuwa na mbwa aitwaye Chui. Alifika kwetu akiwa mdogo wa kubebwa ndani ya kikapu, kabla hatujajenga ukuta wa parseli. Usiku ule wezi walipoingia kwa jirani, ni Chui aliyebweka mpaka avenyu nzima ikaamka na kupiga masufuria na filimbi. Watu wa avenyu wanakumbuka. Alikaa nasi miaka 12. Mwishoni miguu ya nyuma ilikataa, akawa anajikokota, kisha akawa hajikokoti tena.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara haujafika, na watoto wawili walikuwa wamerudishwa shule kwa ajili ya minervali. Baba watoto alimpata kijana mmoja, wakaelewana franka 5,000. Tulikubali. Tulimwambia aje alfajiri ili watoto wasione. Kijana alikuja na gunia la unga, na Chui akapiga kelele akiwa ndani. Hatukuuliza anapelekwa wapi. Hatukutaka kujua.

Watoto wakaambiwa: "Chui amekwenda kijijini." Tulifikiri mambo yameisha. Hatukujua kwamba mtoto wetu wa pili, aliyekuwa darasa la 2 la msingi, alikuwa ameamka kwenda chooni na alikuwa amesimama dirishani.

Hakusema neno. Majuma matatu baadaye, koko yao, mama mzazi wa baba watoto, ambaye tulikuwa tunamtunza nyumbani, alianza naye kushindwa kusimama. Jioni moja tulikuwa tunamnywesha uji. Mtoto akasimama mlangoni, akatutazama, akauliza: "Mama, Koko naye ataingia kwa gunia siku gani?"

Koko alisikia. Alikuwa mtu wa hekima. Alimwita mtoto kitandani, akamwambia: "Mimi niko mzito, gunia litapasuka." Mtoto akacheka. Sisi tulitoka nje na bakuli la uji mkononi, tukakaa kwenye ngazi.

Kwenye chuo cha ualimu tulisoma saikolojia ya mtoto, tukapita mtihani. Tuliandika kwenye karatasi kwamba mtoto hujifunza kwa anachoona kuliko kwa anachoambiwa. Lakini somo lenyewe tulilipata jioni ile, kutoka kwa mtoto wa miaka 7. Alikuwa ametazama jinsi nyumba yetu inavyomfanyia aliyezeeka na asiyefaa tena kazi, akafanya hesabu yake mwenyewe. Na hesabu yake ilikuwa sawa.

Ndiyo maana hatusemi kwamba swali la mbwa mzee ni jambo la Wazungu wenye pesa.

Je, sindano hizo ni kweli?

Ni kweli, mama, dada yako hakukudanganya. Sindano za Kichina, ambazo waganga wanaziita akupunktura, ni dawa ya Wachina ya zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa wanyama pia inafanyika: tangu mwaka 1974 kuna shirika la kimataifa la waganga wa wanyama wanaofundishana kazi hiyo, lililoanzia Marekani.

Sindano yenyewe si kama ile ya dispensari. Ni nyembamba karibu kama unywele, haina tundu, na ndani yake hamna dawa. Munganga anaiingiza kidogo tu kwenye ngozi na nyama, kwenye sehemu anazozijua, anaiacha dakika kama 10 hadi 20, kisha anaitoa. Mbwa wengi wanatulia, wengine wanasinzia. Wachina wa zamani walieleza kwamba sindano inafungua njia za nguvu za mwili. Waganga wa leo wanaeleza kwamba inaamsha mishipa ya fahamu, na mwili unatoa dutu zake wenyewe za kupunguza maumivu.

Je, inasaidia? Wasomi bado wanabishana. Wengine wanasema maumivu ya mgongo na ya maungo yanapungua. Wengine wamepima na hawakuona tofauti kubwa. Jambo wanalokubaliana ni hili: akupunktura haiponyeshi uzee, na haiondoi kansa. Inatumiwa pamoja na dawa nyingine ili mnyama asiumie sana katika siku zinazobaki.

Tafadhali, wamama: asisome mtu hapa kisha akachukua sindano ya kushonea. Anayechoma asiyefundishwa anaweza kutoboa pafu, na sindano chafu inaleta usaha. Hiyo ni kazi ya aliyeisomea.

Kitu cha kuchukua kutoka Liège ni wazo lililo nyuma ya sindano, kwamba asiyeweza kupona bado anaweza kutunzwa. Wazo hilo wengi walilijifunza kwa mwanamke mmoja Mwingereza, Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi kwanza, kisha akasoma udaktari, na mwaka 1967 akafungua nyumba ya wagonjwa mjini London, St Christopher's, kwa watu ambao hospitali zilikuwa zinasema hakuna tena la kufanya. Yeye alisema lipo la kufanya: kuondoa maumivu, kuosha, kukaa karibu. Baadaye waganga wa wanyama wakalichukua wazo lile lile. Na mama yeyote wa Bukavu aliyemtunza mzazi wake anajua kwamba mengi ya hayo hayahitaji mashine.

Kabla ya kumgusa, angalia jambo moja

Mbwa anayezeeka anabadilika polepole, mwezi kwa mwezi. Mbwa aliyebadilika kwa ghafula ni habari nyingine. Akiwa alikuwa mpole na sasa anauma, au alikuwa mkali na sasa anajibembeleza ajabu, akidondosha mate mengi, sauti ikawa ya kukwaruza, akashindwa kumeza, akayumba, huo si uzee. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimguse, usimlishe kwa mkono, ondoa watoto, mfungie kama unaweza bila kumkaribia, na umwite munganga wa wanyama.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu wote wanaokufa nacho wameambukizwa na mbwa, na katika watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Lakini kinazuilika. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima, kwa saa ukutani, si kwa kukisia. Kisha nenda kituo cha afya siku ile ile kutafuta chanjo. Usipake makala, wala mafuta, wala majani.

Na kama mbwa wenu mzee amemuuma mtu siku za karibuni, msiharakishe kumuua na kumzika kimya. Mwambieni munganga. Mbwa mzima aliyeuma anafungiwa na kuangaliwa siku 10, ili ijulikane kama alikuwa na ugonjwa.

Mbwa mwenye chanjo ya kila mwaka anawaondolea hofu kubwa siku za uzee wake. Wamama wa avenyu moja wanaweza kumwita munganga siku moja kwa mbwa wote, wakagawana pesa ya moto. Sisi tunafanya hivyo, na anachanja kuku siku hiyo hiyo.

Utunzaji unaopatikana jikoni

Baadaye zamu ilimfikia Bobi, mbwa wetu wa pili. Alikuwa na miaka 11. Safari hii tulijipa neno kwamba hakutakuwa na gunia. Haya ndiyo tuliyoyafanya, mengine kwa kufundishwa na munganga, mengine kwa kukosea kwanza.

*Mahali pa kulala.* Mji wetu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa mvua simenti ni barafu kwa mifupa mizee. Tuliweka mbao mbili chini, juu yake gunia lililojazwa majani makavu, juu yake kikwembe kizee. Gunia nalo tulilirudishia heshima yake. Majani yabadilishwe yakilowa.

*Kumgeuza.* Mbwa asiyeweza kujigeuza anapata vidonda kwenye mifupa ya nyonga na bega, kama mgonjwa wa kitandani. Tulimgeuza kila baada ya saa chache, asubuhi watoto, mchana sisi, usiku baba watoto anapozunguka parseli.

*Usafi.* Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kukausha vizuri, hasa chini ya mkia. Nzi wakitaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa, mabuu wanaingia kwenye ngozi ndani ya siku moja au mbili. Hilo tulilijua kwa kuchelewa siku moja tu.

*Chakula na maji.* Maji yawe karibu na mdomo, kwenye sahani isiyo na kina. Chakula kilainishwe: fufu iliyolegezwa kwa maji ya samaki, sambaza zilizopondwa, bila kitunguu, bila pilipili, bila chumvi nyingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama kioo tumboni, usimpe. Na akikataa kula, usimlazimishe kwa kumfungua mdomo. Kukataa chakula ni neno analosema.

*Joto na mkono.* Hii ndiyo akupunktura yetu ya maskini. Jaza chupa maji ya moto, ijaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono wako wa ndani kama unavyojaribu maji ya mtoto mchanga, ifunge kwa kikwembe, iweke kwenye nyonga dakika 10. Baadaye pitisha mkono polepole kutoka shingoni hadi mgongoni, bila kugandamiza mfupa. Akijikaza au akigeuza kichwa, acha sehemu hiyo. Mtoto wetu wa pili, yule wa dirishani, sasa ana miaka 13. Kazi hiyo aliichukua yeye. Hatukumwomba.

*Dawa.* Hapa tunasema kwa sauti kubwa: usimpe mbwa dawa za farmasi ya watu. Ibuprofen na diclofenac, zile tunazonunua kila siku kwa mgongo na meno, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja kinatosha, na inaweza kuharibu ini la mbwa. Dawa za maumivu kwa mbwa zipo, na munganga anazipima kwa kilo. Uliza kwake.

Mbwa hasemi kwamba anaumia, na wengi wanaficha. Tazama: anahema kwa nguvu akiwa amelala tu, anaramba sehemu moja bila kuacha, anajificha pembeni, hataki kuguswa, anatetemeka bila baridi, hamsalimu tena anayempenda.

Hesabu ya mambo saba

Swali gumu kuliko yote ni siku gani useme imetosha. Ukiwahi, unajuta. Ukichelewa, yeye ndiye anayelipa.

Munganga mmoja wa wanyama huko Marekani, Alice Villalobos, anayetunza wanyama wenye kansa, alitengeneza mwaka 2004 kipimo cha mambo saba. Sisi walimu tunakipenda kwa sababu kinatolewa alama kama mtihani. Kila jambo linapewa alama kutoka 0 mpaka 10:

1. Maumivu: je, yanatulizwa, na anapumua bila taabu?
2. Njaa: je, anakula vya kutosha?
3. Maji: je, anakunywa, mwili haujakauka?
4. Usafi: je, anaweza kukaa mkavu, bila vidonda?
5. Furaha: je, bado anatikisa mkia, anafuatilia watu kwa macho?
6. Kutembea: je, anaweza kusimama, hata kwa kusaidiwa?
7. Siku nzuri: je, ni nyingi kuliko mbaya?

Jumla ni 70. Ikizidi 35, utunzaji unaweza kuendelea. Ikishuka chini ya hapo, anaanza kuteseka kwa ajili yetu, kwa sababu tu sisi hatuko tayari.

Tuliandika mambo hayo kwenye ubao mdogo wa kurudilia masomo, ukutani jikoni. Kila siku ya posho jioni familia nzima ilitoa alama. Posho ya kwanza, 48. Ya pili, 41. Ya tatu mtoto mdogo alitaka kumpa Bobi 10 ya furaha ili jumla ipande. Kaka yake akamwambia: "Usimwibie mtihani." Ikawa 29.

Baba watoto hakusema kitu. Usiku alituuliza munganga ataomba pesa ngapi.

Siku ya mwisho

Tuzungumze pesa waziwazi, maana ndizo zinazoleta gunia. Munganga pamoja na usafiri wake alituomba dola 15. Kwa mwalimu hiyo si pesa ndogo. Na hatusemi mama yeyote akope kwenye likelemba kwa ajili ya mbwa wakati mtoto hajala au hajalipa shule. Mtoto ni wa kwanza, hakuna mjadala. Tulichojifunza kwa Chui ni kwamba siku hii haiji kwa ghafula. Mbwa anazeeka mbele ya macho yetu. Tangu Bobi alipotimiza miaka 9 tuliweka franka 1,000 kila mara ilipowezekana ndani ya kopo la maziwa. Siku ilipofika, kopo lilikuwa limekaribia, tukaongeza kidogo.

Munganga alifika saa 4 asubuhi, amelowa mvua. Alitueleza kwanza atakachofanya, nasi tunawaeleza ninyi ili msiogope. Anatoa kwanza dawa ya usingizi, na anangoja mpaka mbwa hasikii tena, hata akibanwa mguu. Baadaye anaingiza kwenye mshipa dawa ya nguvu inayosimamisha moyo. Inachukua dakika chache. Macho yanaweza kubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baada ya kufa, na mkojo unaweza kutoka. Si kwamba ameamka. Ni misuli tu inayojilegeza.

Kichwa cha Bobi kilikuwa kwenye mapaja ya mtoto wetu. Mdogo wake alichagua kukaa kwa jirani, tukamkubalia. Asilazimishwe mtoto kutazama, wala asifukuzwe anayetaka kukaa.

Msikubali njia nyingine mbili ambazo sote tumeziona. Sumu ya wadudu iliyowekwa kwenye nyama inaua kwa saa nyingi za kutetemeka, na chakula kilichobaki kinaokotwa na kuku, na paka, na mtoto anayetambaa. Kutupwa bondeni au ziwani akiwa hai ni mateso tu, na maji hayo tunayachota.

Mzike kwa kina cha mita moja au zaidi, mbali na chemchemi na mahali mnapochota maji. Dawa ile inabaki mwilini, na mbwa wengine wakimfukua na kumla wanaweza kufa pia. Baba watoto alichimba yeye mwenyewe nyuma ya ndizi. Alipomaliza alibaki amesimama na jembe, akasema: "Chui naye tungemfanyia hivi." Ni mara ya kwanza katika miaka 6 jina la Chui lilitajwa kati yetu wawili.

Maneno kwa watoto

Tumieni neno lenyewe: amekufa. Usiseme amelala, maana mtoto mdogo ataogopa kitanda chake jioni. Usiseme amekwenda kijijini, maana siku akijua, na atajua, atauliza ni mara ngapi nyingine ulimdanganya.

Mtoto akisema yeye ndiye aliyesababisha kwa kusahau kumpa maji siku moja, msikilize mpaka amalize, kisha mwambie wazi kwamba uzee hauletwi na kosa lake. Akilia, alie. Akicheza baada ya saa moja, acheze. Hajasahau, watoto wanaomboleza vipande vipande. Na wavulana pia wanalia, wamama. Tusiwaambie machozi ni ya wasichana.

Hatumwiti mbwa mtu. Hatukumfanyia matanga, na koko aliyetuacha miaka miwili baada ya Chui tulimlilia kwa kilio ambacho hakuna mbwa atakayelililiwa. Lakini ndani ya siku zake za mwisho, aliyemgeuza koko usiku, aliyempelekea chupa ya maji ya moto, ni yule yule mtoto aliyeuliza swali la gunia. Usiku mmoja koko alimwambia: "Una mkono mzuri." Miaka minne baadaye mkono huo huo ulikuwa juu ya nyonga za Bobi.

Kwa mama aliyesimama mkutanoni: leo, kabla ya yote, mpe maji karibu na mdomo, mtoe kwenye simenti, mgeuze. Andika alama saba pamoja na baba watoto na watoto. Kama munganga anahitajika na usafiri ndio unaokosekana, utuambie kabla ya siku ya posho. Kwenye avenyu yetu kuna mbwa watatu wanaosubiri chanjo, na safari moja inaweza kugawanywa kwa nyumba nne.

Kazi ya nyumbani kwa vikundi: Katika mkutano wa juma hili, kila mama aulize watoto wake swali moja tu: "Mnyama wetu wa mwisho aliyezeeka, tulimfanyia nini?" Usiwasahihishe wakijibu. Sikiliza, na ulete jibu.